Karipio la Waliohudhuria

Msiniite mwongo kabla sijafika mwisho. Mkitaka kuniita hivyo baadaye, hiari yenu. Ipo nchi inayoitwa Pandamaji, na mtu pekee ninayemjua aliyefika huko akarudi ni Sikudhani binti Mbaruku, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya mtaa wetu. Nasimulia kama alivyonisimulia, akiwa amevua viatu na kunyoosha miguu, kwa sauti ya mtu aliyechoka hadi kwenye mifupa. Kama kuna chumvi humu, niliikuta imeshatiwa.

Kwanza mjue kilichomtoa nyumbani. Bendi yetu ni ya watu wa kujitolea. Mpiga tromboni ni fundi baiskeli, mpiga matoazi anauza nyama, na wengine wana shughuli ambazo hata wao hawawezi kuzieleza. Siku ya harusi wote hufika mapema, mashati yamepigwa pasi. Siku ya mazoezi humwoni mtu. Sikudhani atapiga simu, na kila mmoja atamwambia yupo njiani, na nyuma ya sauti yake utasikia televisheni, au maji ya kuoga yakimwagika. Alijaribu kubembeleza. Alijaribu kununa. Alijaribu hata kuchemsha chai ya tangawizi. Mwishowe mwenyekiti wa mtaa akamwambia bila kuficha kwamba chumba cha bendi kisipojaa watu kitajazwa viti vya plastiki vya kukodisha, na vyombo vyao watatafuta pa kuvipeleka. Sasa chumba hicho ndicho alichojifunzia kupuliza akiwa msichana, na ndipo mahali pekee duniani ambapo hakuna aliyewahi kumwambia apunguze sauti. Hakuwa tayari kukipoteza.

Akasikia kwamba iko nchi ambayo serikali yake nzima, kuanzia waziri hadi mfagizi, haina kazi nyingine ila kuwatia watu hamu ya kuja mazoezini. Akafunga mlango, akachukua tarumbeta yake, akaenda kutafuta dawa. Njia aliyopita haituhusu. Alifika.

Mlangoni mwa nchi hiyo hawakuulizi jina wala unakotoka. Ofisa wa zamu aliitazama tarumbeta, kisha akamtazama mwenye nayo.

"Unapiga nini, na utakosa lini?"

"Napiga tarumbeta," akasema Sikudhani. "Na sikosi."

"Hukosi kabisa?"

"Nikose kwa nini, na mazoezi ndiyo yaliyonileta?"

"Pole sana, mama," akasema ofisa, kwa huruma ya kweli, akamwonyesha pa kupita.

Nyuma yake alikuwapo bwana mmoja wa makamo mwenye marimba, ambaye alijibu kwamba huenda atatokea na huenda asitokee, itategemea atakavyoamka. Huyo aliletewa kiti chenye mto, akapewa dafu, na maofisa wakamzunguka wakimuuliza ni kitu gani kingemfurahisha. Sikudhani alidhani ni ndugu wa mkubwa fulani. Akaendelea na safari yake huku kiu imembana.

Kiu hiyo ina maelezo yake. Mji wa Pandamaji umejengwa juu ya kilima, na chemchemi yao pekee iko chini kabisa. Kati ya chemchemi na mji upo mfereji wa mawe, na maji huupanda mfereji huo kwenda juu, kinyume cha maji yote mnayoyajua, pale tu bendi ya mji inapopiga muziki. Bendi ikinyamaza, maji nayo hukaa kitako. Tena ni maji yenye kiburi. Zamani walikuwapo watawala waliowachapa watu viboko ili wapige ngoma, na maji hayakusogea. Matajiri nao wakaleta wapigaji wa kukodi kutoka nchi za mbali. Maji yakawatazama tu. Ni lazima mpigaji awe amekuja kwa hiari yake na kwa kupenda. Basi kila raia wa Pandamaji huzaliwa akiwa na chombo chake kwenye bendi, na hakuna anayelazimishwa wala anayelipwa. Na kwa kuwa hakuna anayelazimishwa wala anayelipwa, wengi hawaji. Sikudhani alipofika, mji ulikuwa umekauka kiasi kwamba watu waliosha sufuria kwa mchanga.

Waziri wa Hamasa, Mheshimiwa Fumo Shekue, alimpokea kwa furaha kubwa, maana hajapata kumwonyesha mgeni kazi zake. Alikuwa mtu mwema. Hilo Sikudhani alinisisitizia. Alikuwa mnene kidogo, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alipozungumza juu ya wasiokuja mazoezini sauti yake ililainika kama ya mama anayemtaja mwanawe aliye mbali.

"Tatizo letu tumeshalitambua," alisema. "Wasiokuja wanajiona hawathaminiwi. Kwa hiyo tumewathamini."

Wasiokuja, akaeleza, wote walikwisha kupewa vyeo, kwa kuwa mtu mwenye cheo hujisikia ana wajibu. Aliyekosa miaka mingi aliitwa Mkuu wa chombo chake, na aliyeanza kukosa karibuni aliitwa Naibu. Waliokuwa wakija hawakuwa na vyeo, kwa sababu vilikwisha. Wasiokuja walishonewa pia sare za buluu zenye vifungo vya kung'aa, ili wazionee fahari wapate kuja. Wakazionea fahari kweli, wakazivaa kwenye harusi. Halafu likaja suala la pilau. Mwanzo lilikuwa likipakuliwa baada ya mazoezi, na watu wakafika mazoezi yakiwa yamekwisha. Wizara ikalileta kabla ya mazoezi, watu wakala, wakanawa mikono, wakaondoka.

"Sasa tunawapelekea majumbani," akasema Waziri, "ili wajue tunawakumbuka."

"Na waliokuja wanakula nini?"

Ilionekana wazi kwamba swali hilo lilikuwa jipya kwa Waziri.

"Sidhani kama wamewahi kulalamika," akasema.

Akamtembeza pia katika Ofisi ya Udhuru, jengo zuri kuliko yote mjini, ambamo makarani husikiliza sababu za watu za kutokuja. Kule kutoa udhuru ni fani inayoheshimiwa. Sikudhani alimkuta mama mmoja akieleza jinsi alivyokuwa tayari mlangoni, tari mkononi, miguu inataka kuondoka, mara jogoo wa jirani akamtazama kwa jicho ambalo si la kuku. Makarani walitokwa na machozi. Udhuru uliotungwa vizuri hufundishwa shuleni, na mtu asiyewahi kutoa hata mmoja huonekana hana alichochangia katika utamaduni wa taifa.

Alasiri wakaenda mazoezini. Uwanja wa bendi ulikuwa umepangwa viti mistari kwa mistari. Vile vya mbele, vyenye mito na kivuli, vilikuwa vitupu, kwa sababu viliwekewa wakuu. Nyuma kabisa, juani, walikaa watu wachache wenye nguo za nyumbani. Hao ndio waliokuja. Mbele yao akapanda mtu mrefu mwenye sauti nzito, aitwaye Mkaripiaji wa Taifa, na wote wakasimama na kuinamisha vichwa, maana sheria ya Pandamaji inataka kila mazoezi yafunguliwe kwa Karipio, nalo Karipio ni la wasiokuja.

"Hamna haya!" akanguruma Mkaripiaji, ambaye alikuwa amelihifadhi lote kichwani. "Mji una kiu, ninyi mmekaa majumbani! Mnadhani ngoma itajipiga yenyewe? Wenzenu wanaungua jua hapa, ninyi mnakunywa chai! Kama hamtaki, semeni hamtaki, tujue moja!"

"Tumesikia," wakajibu wale waliokuwa wakiungua jua. "Tutajirekebisha."

Sikudhani akamnong'oneza Waziri. "Mheshimiwa, mbona hawa wamekuja?"

"Najua," Waziri akanong'ona naye. "Lakini tumkaripie nani? Wale hawapo. Karipio lazima liingie katika masikio ya mtu, na masikio tuliyo nayo ni haya."

Sikudhani aliona aibu. Maneno yale aliyajua, hata lile la kusema mnataka au hamtaki. Yalikuwa yake mwenyewe, ya kila siku ya mazoezi, akiwa amesimama mbele ya wale wawili watatu wasiokosa, akiwagombeza kwa ajili ya fundi baiskeli. Hakuwahi kujiuliza walikuwa wakienda nyumbani wakijisikiaje.

Kisha bendi ikapiga. Wimbo wa Pandamaji zamani ulikuwa mrefu, wenye kona na mapambo. Lakini wizara iliona ugumu wake unawatisha wasiofanya mazoezi, ikaukata kidogo ili waje. Hawakuja, ikaukata tena. Mwaka hadi mwaka ukakatwa, mpaka ikabaki sauti moja. Waliohudhuria waliipiga hiyo hiyo, pii, pii, pii, na nyuma yao mwanamke mmoja mzito, mwenye kanga iliyofifia, akaisindikiza kwa ngoma kubwa, macho yake yakitazama ukuta. Mfereji ukalowa kama paji la mtu mwenye homa. Watu waliokuwa wakingoja juu waliinama na vikombe, wakakwangua walichokipata.

Nyumba za wageni zote zilikuwa zimetengewa wale watakaoamua kuja siku moja, kwa hiyo Sikudhani alipelekwa kulala kwa yule mwanamke wa ngoma. Aliitwa Bi Mashavu, na alikuwa akikaanga mihogo ya kuuza. Tawi la mfereji lilipita kando ya ukuta wa ua wake, kavu, limejaa majani.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Maji ya kunawa hakuna, jifute na hicho kitambaa."

Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alimsema mwenye duka, akalisema jua, akamsema Mkaripiaji kwamba ana mate mengi na yanamfikia hata kule nyuma. Wakati wanakula mihogo, harufu ya pilau ikaruka ua kutoka kwa jirani, nzito ya bizari na karafuu. Katika uwazi wa makuti walimwona mwanamume mwenye sare ya buluu akila peke yake kwenye sinia.

"Yule nani?"

"Tamimu. Mkuu wa Zumari. Hajatia mguu uwanjani tangu mjukuu wangu hajaota meno, na sasa mjukuu ameoa."

"Na wewe cheo chako ni kipi?"

"Mimi?" Bi Mashavu akacheka bila furaha. "Mimi ni Waliohudhuria."

Akatafuna kipande kingine cha mhogo. Halafu akasema, macho yakiwa kule kwenye makuti, "Nalitamani lile pilau. Nisikudanganye. Linanukia mpaka kichwa kinaniuma. Siku moja na mimi sitakwenda, nione nani atanibishia hodi."

Kesho yake Sikudhani alikwenda kumsalimu Tamimu, akitaka amjue mtu wa namna hiyo, kwani alikuwa nao tele nyumbani na hajawahi kuwauliza. Alimkuta mpole, mwenye kuona haya.

"Lakini mimi nilikuja," Tamimu akasema. "Nilijifunza kipande changu mpaka midomo ikavimba, nikaenda mapema kabla ya watu wote. Nikasimamishwa juani nikaambiwa sina haya. Nikajiuliza, mama, nikienda natukanwa, nisipokwenda natukanwa. Si afadhali nitukanwe nisipokuwapo? Baada ya hapo ndipo lilipoanza kuja pilau."

"Na huo muziki? Huukumbuki?"

"Muziki gani? Umebaki pii. Zumari lina matundu mengi. Haya mengine niyafanyie nini?"

Yote hayo Sikudhani aliyachukua hadi barazani, ambako Waziri alimwalika kama mtaalamu kutoka nje. Baraza la Pandamaji lina pande mbili, Wabembelezaji na Wakali, na siku hiyo mjadala ulikuwa juu ya ile sauti moja iliyosalia. Msemaji wa Wabembelezaji, mwanamke mwenye miwani na sauti ya asali, alisema kwamba hata pii ni mzigo kwa mtu ambaye hajagusa chombo chake miaka mingi. Alipendekeza wimbo wa taifa uwe kimya.

"Kimya hakuna asiyeweza kukipiga," alisema. "Hapo mtu atakuwa na udhuru gani?"

Wakali walipiga meza. Walisema nchi imedekezwa, na kwamba dawa ni Karipio lisomwe mara mbili. Wabembelezaji wakasema Wakali hawana utu. Wakali wakasema Wabembelezaji hawana uti wa mgongo. Walibishana mpaka sauti zikawakauka, na hapakuwa na maji ya kunywa. Mwisho wakapatana, kama wanavyopatana siku zote: wimbo ukatwe nusu, na Karipio lisomwe mara mbili. Kisha wakamgeukia mgeni.

"Waheshimiwa," akasema Sikudhani, "tangu asubuhi nawasikia mkiwataja wasiokuja tu. Wale wanaokuja, kwa nini hamzungumzi nao?"

Ukumbi ukacheka, si kwa ubaya. Waziri mwenyewe alimwekea mkono begani. "Bi Mgeni, aliyekuja keshakuja. Ukimtia hamasa mtu aliyekwisha kufika, aende wapi tena?"

Sikudhani akakaa chini. Aliniambia kwamba hapo ndipo uchovu ulipomwangukia kweli. Alikuwa amefunga safari kufuata waganga, akawakuta wanaumwa ugonjwa wake.

Siku ya mazoezi ilipofika, Bi Mashavu alijifunga kanga, akaitazama ngoma yake, kisha akakaa juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi.

"Leo siendi," akasema.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Siendi tu."

Maneno yalimfika Sikudhani mdomoni, yale ya mji una kiu na wenzako wanaungua jua. Akayameza, na anasema yalikuwa makavu kweli kuyameza. Akakaa naye. Kutoka uwanjani walimsikia Mkaripiaji akinguruma, akamaliza, akaanza upya. Kisha wakasikia nusu ya pii, mara chache, bila ngoma. Kwenye mfereji halikuonekana hata lile jasho la homa. Watu waliopanga mstari na vikombe waliendelea kusimama, kwa kuwa hawakujua la kufanya jingine, na mtoto wa mtu fulani alikuwa akililia maji kwa sauti iliyomkera kila mtu kwa sababu hakuna aliyeweza kuinyamazisha.

Jua halijapoa, hodi ikapigwa. Alikuwa Waziri, na nyuma yake maofisa wenye sinia lililofunikwa, sare ya buluu, na Mkaripiaji akiwa amekauka koo. Macho ya Waziri yaling'aa. Mtu mpya asiyekuja! Huyo wizara ilijua jinsi ya kumshughulikia. Alitangaza kwamba kuanzia sasa mama huyu ni Mkuu Mkubwa wa Ngoma. Halafu akamvuta Sikudhani kando, na ile furaha ikamtoka usoni, akabaki mtu mwenye hofu.

"Bi Mgeni, wewe umekaa naye. Zungumza naye, tafadhali. Bila ngoma ile hatupati hata tone. Mwambie tunamthamini. Mwambie nchi nzima inamthamini Bi… Bi…"

Alimtazama ofisa wake. Ofisa akamtazama mwenzake. Hakuna aliyejua.

"Nitazungumza naye," akasema Sikudhani. "Nyinyi tokeni nje."

Uani, Bi Mashavu alikuwa amefunua sinia. Alikula tonge moja, akaongeza la pili, akatafuna polepole, kisha akauondoa mkono wake kwenye chakula.

"Limepoa," akasema. "Nyama yenyewe mifupa." Na mwanamke huyu ambaye hakuwa na maneno matamu akaanza kulia kama mtu mwenye hasira, akipangusa machozi kwa kiganja kana kwamba yanamchelewesha. "Miaka yote hiyo nalinusa. Nilidhani litakuwa na ladha nyingine."

"Sikuombi urudi," akasema Sikudhani. "Wamenituma nikuombe, lakini sikuombi. Na mimi nyumbani ninao Waliohudhuria wangu. Nimewagombeza mpaka nimezeeka. Kuna chumba chetu kinataka kuchukuliwa, nikajiambia nisipopata watu wa kukijaza nimekwisha. Sasa naona, kikienda, kiende. Nitapiga barazani kwangu na hao wanaokuja, na nitawauliza kwanza habari zao."

"Sasa kama huniombi, umekaa hapo unataka nini?"

"Nataka kuusikia ule wimbo. Ule mrefu, kabla haujakatwa. Tangu nije sijapuliza kitu, midomo inaniwasha."

"Umeshasahaulika huo."

"Na wewe umeusahau?"

Bi Mashavu alimtazama. Akajipangusa mafuta ya pilau, akaivuta ngoma katikati ya magoti, akaigonga kidogo pembeni. Alikosea, akatukana. Akaanza tena, akakosea mahali pengine, lakini mikono ilikuwa imeshashtuka. Wimbo ukaanza kurudi vipande vipande, na kona zake na mapambo yake, na Sikudhani akaufuata kwa tarumbeta kama mtu anayepita nyumba ngeni gizani.

"Sio hapo! Subiri, nizunguke kwanza, ndiyo uingie."

"Unazunguka mara ngapi?"

"Mpaka nichoke. Nitakutazama."

Walianza kucheka. Anasema alikuwa hajacheka na mwenzake wa bendi tangu siku asiyoikumbuka. Alipoingia mara ya pili, akaingia sawasawa, na kutoka nyuma ya makuti zumari likamjibu, kwa matundu yake yote. Tamimu akapenya uani na fulana tu, koti la buluu ameliacha huko huko, akipuliza mashavu yamejaa, na alipopata pumzi akasema, "Hapo katikati mmepakosea, lakini endeleeni, endeleeni!"

Wa kwanza kujua walikuwa kuku. Waliruka kutoka mferejini wakipiga kelele, maana majani makavu yalikuwa yameanza kutembea. Maji yakaja nyuma yao, si jasho bali maji, yakipanda kilima kwa haraka na kumwagika ukutani. Yakajaza tawi la Bi Mashavu, yakaendelea kwa majirani. Watu walikuja mbio na ndoo, na madumu, na masufuria yenye mchanga. Waliokuja hawakuulizwa vyeo vyao. Walikinga.

Waziri naye akaingia, maji yamemfika vifundoni, akilia waziwazi. Lakini alikuwa mtumishi wa serikali tangu ujana wake. Aliwaona wapigaji watatu mahali pamoja, na watatu pamoja, kwa sheria, ni mazoezi. Na mazoezi hayakuwa yamefunguliwa. Akampungia Mkaripiaji.

Muziki ukakatika. Bi Mashavu akajiinua kwa shida, akainamisha kichwa. Tamimu akainamisha chake. Sikudhani aliniapia kwamba hata yeye, mgeni, alijikuta anatazama vidole vyake vya miguu.

"Hamna haya!" akanguruma Mkaripiaji. "Mji una kiu, ninyi mmekaa majumbani!"

Maji yakasimama. Yalitetemeka kidogo mahali yalipokuwa, kisha yakaanza kushuka, bila haraka, yakiyaacha mawe nyuma. Kila mtu aliyaona. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu Karipio halijawahi kukatizwa, na Mkaripiaji alikuwa amefika kwenye ngoma kujipiga yenyewe. Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa amechuchumaa ukutani akageuka, jirani tu, ambaye Sikudhani hakuwahi kulijua jina lake.

"Hebu nyamaza, baba," akasema. "Ndoo yangu haijajaa."

Mkaripiaji akabaki mdomo wazi, akamtazama Waziri. Waziri aliyatazama maji, kisha akamtazama Bi Mashavu, ambaye bado alikuwa amesimama ameinama kwa desturi, mkono mmoja umeshika kiuno. Sikudhani anasema alikuwa kama mtu anayemwona jirani yake barabarani baada ya kupishana naye kila siku bila salamu.

Akavuta kibao cha mbuzi, yeye mwenyewe, akakiweka nyuma ya mama yule, akakishikilia mpaka akakaa.

"Mama," akasema, "unaitwa nani?"

"Mashavu," akasema, akizitafuta fimbo zake za ngoma kwenye matope. "Sasa tupishe. Watu wanangoja na ndoo."